Seva imeanguka mara 3 ndani ya siku 11 na trafiki ni ndogo. Ni shambulio au ni kerneli (kiini cha mfumo endeshi)?

msimamizi_tanga
Jumanne, 9 Februari 2021, saa 3:12 usiku

Wakuu, habari za usiku.

Nasimamia seva ya chama cha akiba na mikopo hapa Tanga. Wanachama wengi ni walimu na wauguzi. Wanaangalia salio kwa simu, wanaomba mkopo, na kila mwezi tunawawekea taarifa ya hesabu kwa PDF, kubwa kuliko zote ina megabaiti 18. Seva ni ya kukodi, iko Ujerumani, inatumia Debian 9 (aina ya Linux), ramu gigabaiti 8. Niliipokea kwa mwenzangu aliyehama kikazi mwaka juzi.

Imeanguka tarehe 29 Januari, tarehe 3 na jana tarehe 8. Haianzi kuwa nzito kwanza. Ramu haijai, prosesa haipandi, diski ina nafasi. Inakatika ghafla kama umeme, na hairudi mpaka niingie kwenye ukurasa wa kampuni inayotukodishia nibonyeze kuwasha upya. Tarehe 29 ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu mishahara ilikuwa imeingia. Mama wa dirishani alirudi kwenye daftari, watu wakapanga foleni mpaka nje kwenye jua, na mimi nilikuwa ndani ya basi kutoka Korogwe, mtandao unakuja na kukatika.

Jana nilifungua konsoli ya mbali kabla ya kuiwasha, nikaipiga picha skrini. Ninayoweza kusoma ni haya:

`kernel BUG at net/ipv4/tcp_input.c`
`tcp_shifted_skb`
`tcp_sacktag_walk`
`Kernel panic - not syncing: Fatal exception in interrupt`

Fundi wa kampuni alinijibu kwa mistari 2: mnashambuliwa, nunueni kinga ya mafuriko. Bei ya hiyo kinga kwa mwezi ni sawa na kodi ya seva kwa miezi 4. Lakini grafu yao wenyewe inaonyesha kwamba dakika ile seva ilipoanguka trafiki haikufika hata megabiti 1 kwa sekunde. Mafuriko gani hayo?

Faiwoli ninayo, poti (milango ya mtandao) zilizo wazi ni 22, 80 na 443 tu. Kila Ijumaa jioni nafanya `apt-get update` kisha `apt-get upgrade`, sijaruka hata wiki moja. Kesho saa 4 asubuhi natakiwa niieleze bodi. Naombeni msaada.

---

fundi_mitandao_mbeya
Jumanne, 9 Februari 2021, saa 3:40 usiku

Pole mkuu. Kwanza pima ramu, chipu mbovu inaangusha kerneli bila mpangilio. Pili, weka tovuti nyuma ya huduma ya kinga, ziko hata za bure, ili wanaokuja wapokelewe kule kwanza. Tatu, punguza idadi ya miunganisho kwa kila anwani.

---

mtambo_wa_pwani
Jumanne, 9 Februari 2021, saa 4:55 usiku

Mdogo wangu wa Tanga, pole sana. Usinunue chochote usiku huu.

Ushauri wa ndugu yetu wa Mbeya si mbaya. Huduma ikikaa mbele ikapokea muunganisho wa TCP (kanuni ya kupeleka data kwa vipande vyenye namba) kwa niaba yako, pakiti za mtu mbaya, yaani vifurushi vyake vya data, zinaishia kwao. Ila akiijua anwani halisi ya seva atakuja kuigonga moja kwa moja, na kerneli yako itaanguka vilevile. Na ramu mbovu ingekuangusha kila mara mahali tofauti. Wewe umepata `tcp_shifted_skb` na `tcp_sacktag_walk` pamoja. Hiyo naijua.

Watu huchanganya mambo mawili kwa sababu yote yanaitwa kunyima huduma. Kuna mafuriko, ambapo mtu anakuletea trafiki nyingi kuliko bomba lako, na hapo kinga ya kulipia ina kazi. Na kuna kasoro ndani ya programu ya mtandao ya mfumo endeshi wenyewe, ambapo pakiti chache zilizopangwa kwa makusudi zinaifikisha kerneli mahali isipotegemea kufika. Hapo grafu ya trafiki haitakuonyesha kitu.

Ya namna hii nilianza kuyaona mwaka 1999. Nilikuwa nahudumu kwenye mkahawa wa intaneti Kariakoo, kompyuta 12, zote Windows 95. Kijana mmoja alikuja na disketi, akakaa kompyuta ya 9, akaandika anwani ya kompyuta ya 4 na kubonyeza. Kompyuta ya 4 ikawa bluu. Pale alikuwa amekaa mama mmoja anamwandikia mwanawe barua, ameiandika kwa nusu saa nzima, yote ikapotea. Nilidhani ni umeme. Ile programu ilikuwa inapeleka pakiti kwenye poti 139 ikiwa na alama ya dharura, na Windows ya wakati ule haikujua la kufanya na alama hiyo mahali pale, ikaanguka. Watu waliiita WinNuke, ilitoka mwaka 1997, na Microsoft walitoa kiraka mwaka huohuo. Sisi hatukuwa tumekiweka. Sura ya yule mama naikumbuka mpaka leo.

Sasa ya kwako. Fikiria umepakia magunia 10 ya mahindi, kila gunia na namba yake. La 4 limedondoka njiani. Zamani mpokeaji alikuwa na jibu moja tu, "nimepata mpaka la 3." Wewe uliyetuma hujui kama la 5 mpaka la 10 yamefika, basi unaweza kujikuta unayapakia yote upya. SACK, yaani uthibitisho wa kuchagua ndani ya TCP, iliyoandikwa kuwa kanuni mwaka 1996, inamruhusu mpokeaji aseme, "nina mpaka la 3, halafu ninalo la 5 mpaka la 10." Unatuma la 4 peke yake. Ni jambo zuri sana, hasa kwa laini za simu zinazopoteza pakiti kama zetu.

Ili hilo liwezekane, mtumaji, yaani seva yako, lazima atunze orodha ya kila alichotuma na bado hakijathibitishwa. Linux ikiona vipande viwili vinavyopakana vyote vimethibitishwa kwa SACK, inaviunganisha viwe rekodi moja ili kubana nafasi. Rekodi moja inabeba mpaka mafungu 17, na kwenye prosesa kama yako kila fungu linafika kilobaiti 32. Ndani ya rekodi kuna kaunta inayosema humu mna vipande vingapi, na kaunta hiyo ina biti 16. Haiwezi kuhesabu kupita 65,535.

Kwa kawaida haifiki hata karibu, maana kipande kimoja cha TCP kina baiti elfu moja na mia nne hivi. Lakini anayejiunga nawe ndiye anayekutajia, mwanzoni kabisa, ukubwa wa kipande anachoweza kupokea. Mtu mbaya anataja kidogo kuliko vyote. Linux inakubali kushuka mpaka 48, na 40 kati ya hizo zinaweza kuliwa na nyongeza za kichwa cha TCP. Zinabaki baiti 8 za data. Ni sawa na mnunuzi kukwambia mlango wake ni mdogo, umletee mahindi kwa kijiko.

Piga hesabu uone. Mafungu 17 mara baiti 32,768 ni 557,056. Gawa kwa 8, unapata vipande 69,632. Kaunta inaishia 65,535, kwa hiyo inazunguka na kuanza upya kama mita ya maji iliyomaliza tarakimu. Kisha kerneli inafika sehemu ambayo waandishi wake waliweka ulinzi: rekodi ikisema ina vipande vichache kuliko vinavyotaka kuhamishwa, simama, kuna jambo limeharibika. Ndiyo ile `kernel BUG` uliyoipiga picha. Kerneli imeona hesabu zake haziaminiki tena, ikaamua kuzima kuliko kuendelea. (Namba 65,535 ni ileile ya ping ya kifo ya mwaka 1996. Pakiti ya IP hairuhusiwi kuzidi baiti hizo, watu wakatuma vipande ambavyo vikiunganishwa vinazidi, mifumo ikaanguka. Miaka 23 imepita kati ya hizo mbili, na biti ni zilezile 16.)

Ili akufanyie hivyo anahitaji poti moja tu iliyo wazi na kitu kikubwa cha kupakua, ili seva iwe na data nyingi inayosubiri kuthibitishwa. Poti 443 umeifungua kwa wanachama, na PDF ya megabaiti 18 inamtosha na kubaki. Faiwoli yako inampitisha kwa sababu kwa macho yake ni mteja kama mwingine.

Kasoro hii ilitangazwa tarehe 17 Juni 2019. Aliyeigundua ni Jonathan Looney wa Netflix, wakaiita SACK Panic, namba yake kwenye orodha ya kasoro za usalama ni CVE-2019-11477. Inahusu kerneli za Linux kuanzia 2.6.29, ya mwaka 2009. Miaka 10 ilikuwa inatembea kwenye seva za dunia nzima. Viraka vilitoka siku hiyohiyo: 5.1.11, 4.19.52, 4.14.127, 4.9.182 na 4.4.182.

Ndiyo maana nashangaa. Wewe unasasisha kila Ijumaa, na leo ni 2021. Niletee majibu ya amri mbili: `uname -a`, halafu `apt-get -s upgrade`. Usinitajie namba ya kwanza peke yake. Debian huchukua kiraka na kukishona kwenye kerneli yao ya zamani bila kupandisha namba kubwa, kwa hiyo unaweza kuona 4.9.0 ukadhani huna kinga kumbe unayo, au ukaliwaza moyo wako kumbe huna. Tarehe iliyo mwishoni ndiyo ninayoitaka.

---

msimamizi_tanga
Jumanne, 9 Februari 2021, saa 5:20 usiku

Shikamoo dada. Asante mno, nimesoma mara mbili. Majibu ndiyo haya:

`4.9.0-8-amd64 #1 SMP Debian 4.9.130-2 (2018-10-27) x86_64`

Na ya pili inasema:

`The following packages have been kept back: linux-image-amd64`

Huo mstari wa pili huwa nauona kila Ijumaa. Nilidhani ni taarifa tu.

---

mtambo_wa_pwani
Jumanne, 9 Februari 2021, saa 5:41 usiku

Marahaba. Basi tumeipata.

Kerneli unayoitumia ilitengenezwa tarehe 27 Oktoba 2018. Kiraka cha Debian 9 kilitoka Juni 2019, kwenye toleo 4.9.168-1+deb9u3. Kilikuwa kinakusubiri kila Ijumaa na kila Ijumaa kilikuwa kinaachwa, na wala si uzembe wako. `apt-get upgrade` haiweki kamwe kifurushi chenye jina jipya. Kerneli mpya huja na jina jipya: ulikuwa na `linux-image-4.9.0-8-amd64`, iliyofuata ikaitwa `4.9.0-9`. Kwa hiyo inaziboresha programu nyingine zote, na kerneli inaiweka kando kwa mstari ule mmoja. Nimeukuta kwenye seva za watu wenye uzoefu kuliko mimi. Amri inayotakiwa ni `apt-get dist-upgrade`, halafu uwashe upya, kwa sababu kerneli mpya iliyolala kwenye diski haikukingi na kitu.

Usifanye hivyo sasa hivi ukiwa umechoka. Chukua nakala ya hifadhidata kwanza, fanya kesho usiku. Kwa usiku huu ziba mlango:

`iptables -I INPUT -p tcp --tcp-flags SYN SYN -m tcpmss --mss 1:500 -j DROP`

Rudia hivyohivyo kwa `ip6tables`. Maana yake, anayekuja akitaja kipande cha baiti 500 au chini ya hapo hapokelewi. Sijawahi kukutana na simu ya mwanachama inayotaja kidogo kiasi hicho. Hakikisha pia `net.ipv4.tcp_mtu_probing` iko 0, ambayo ndiyo kawaida ya Debian, maana ikiwa imewashwa kinga hii haisimami sawasawa. Ongeza na `kernel.panic=10`, ili seva ikianguka ijiwashe yenyewe baada ya sekunde 10 badala ya kukusubiri wewe ufike kutoka Korogwe.

Utasoma sehemu nyingi kwamba uzime SACK kabisa kwa `net.ipv4.tcp_sack=0`. Inazuia kweli. Lakini seva yako iko Ujerumani na watu wako wako Tanga kwenye simu. Mimi nisingeizima.

---

mzenji_muscat
Jumatano, 10 Februari 2021, saa 1:30 asubuhi

Assalaam alaykum. Namuunga mkono dada kuhusu kutozima SACK, na nina ushahidi wa macho. Juni 2019 tulishtuka sote hapa kazini Muscat, nikaizima kwenye seva zote jioni hiyohiyo. Asubuhi tawi la Salalah wakapiga simu. Faili la kila siku lililokuwa likishuka kwa dakika 9 lilichukua dakika 31, maana laini yao ilikuwa inapoteza pakiti siku za mvua ya khareef. Nikaweka kanuni ya faiwoli, nikairudisha SACK, faili likarudi kushuka kama zamani. Kerneli tuliibadilisha wiki ile.

Nyongeza moja kwa kaka wa Tanga. Siku hiyo ya tangazo kasoro hazikuwa moja. Ipo CVE-2019-11478 ambayo haiangushi, inakuchosha: inaikata ile orodha ya kusubiri uthibitisho vipande vidogovidogo mpaka prosesa inatumia muda wote kuitembea. Ipo 11479, inayotumia kipande kidogo kukufanya utume pakiti nyingi kwa data kidogo. Ukibadilisha kerneli unapata dawa ya zote 3, ingawa ya 11479 ni kipimo unachotakiwa kukipandisha mwenyewe. FreeBSD 12, mfumo endeshi mwingine, nao walikuwa na yao, ila kwa wanaotumia programu ya TCP iitwayo RACK tu, ambayo haiwashwi mpaka uiwashe mwenyewe.

Na mwaka mmoja kabla, Agosti 2018, ilikuja SegmentSmack, CVE-2018-5390, ya Juha-Matti Tilli wa Finland. Hiyo inafanya kazi upande wa kupokea. Mtu anakuletea vipande vya TCP bila mpangilio, kerneli inavirundika kwenye foleni ikisubiri vinavyokosekana, na kila kikija kipya inahangaika kuipanga foleni upya. Pakiti chini ya 2,000 kwa sekunde zilitosha kuishughulisha prosesa nzima, kwenye kerneli 4.9 na kuendelea. Ya Oktoba 2018 uliyonayo hiyo imeshatibiwa. Nakutajia kwa ajili ya kifaa kingine chochote ulichonacho chenye Linux ndani: rekoda ya kamera, kisanduku cha kuhifadhia nakala, rauta. Hivyo mara nyingi havina `apt-get`, na kerneli yake ni ya siku kilipotoka kiwandani. Visiwe na anwani ya wazi kwenye intaneti.

---

msimamizi_tanga
Jumatano, 10 Februari 2021, saa 7:05 mchana

Waalaykum salaam kaka wa Muscat, asante sana. Rekoda ya kamera tunayo, na kweli ilikuwa wazi nje ili mwenyekiti aangalie ofisi kwa simu. Nimeifunga leo asubuhi na nimemweleza. Hakufurahi, lakini amekubali.

Bodi niliwaeleza kwa magunia ya dada. Mzee mmoja aliyewahi kufanya biashara ya mahindi Handeni aliuliza, "Sasa kwa nini mnakubali kuleta kwa kijiko?" Nikamwambia ndiyo tumekataa tangu jana usiku. Kinga ya kulipia hawajainunua. Usiku huu saa 6 nabadilisha kerneli.

---

mtambo_wa_pwani
Jumatano, 10 Februari 2021, saa 7:48 mchana

Swali la huyo mzee ni zuri kuliko mengi niliyosikia kwa wataalamu. Kiraka chenyewe kimeleta hilohilo: kuna kipimo kipya kinaitwa `net.ipv4.tcp_min_snd_mss`, msimamizi anachagua mwenyewe ashuke mpaka wapi. Chaguomsingi bado ni 48, kwa hiyo kanuni ya faiwoli usiiondoe hata baada ya kubadilisha. Iache, uangalie kaunta yake.

---

msimamizi_tanga
Jumamosi, 13 Februari 2021, saa 2:15 asubuhi

Wakuu, narudisha majibu.

Jumatano usiku nilichukua nakala, nikafanya `dist-upgrade`, nikawasha upya. Mikono ilikuwa inatetemeka, sitaficha. Ilirudi baada ya sekunde 70 hivi. `uname -a` sasa inaonyesha tarehe mpya, na ule mstari wa `kept back` haupo tena. Kwenye skripti ya Ijumaa nimebadilisha amri, na nimeongeza ilinganishe kerneli inayotumika na iliyo kwenye diski, zikitofautiana initumie ujumbe.

Kaunta ya faiwoli kuanzia Jumanne usiku mpaka leo asubuhi: pakiti 214, kutoka anwani 3, zote kwenye poti 443, na zote zinataja kipande cha 48. Nyingi zilikuja Alhamisi kati ya saa 8 na saa 9 usiku. Seva haikutikisika.

Dada, nimehifadhi rekodi ya hizo pakiti kwa `tcpdump`. Kampuni inayotukodishia nimewapelekea pamoja na picha ya skrini, wamenijibu kwamba wataziangalia seva nyingine zinazotumia Debian 9 kwao. Je, hizo anwani 3 niziripoti kwa nani zaidi, au niziache?

---

mtambo_wa_pwani
Jumamosi, 13 Februari 2021, saa 3:02 asubuhi

Usiziache. Tafuta kwa `whois` mtandao unaomiliki kila anwani, pale kuna barua pepe ya kupokea malalamiko. Wapelekee rekodi, na uandike saa kwa UTC ili walinganishe na logi zao. Mara nyingi ni mashine ya mtu mwingine aliyevamiwa na hana habari. Mtu huyo anahitaji kujua kama ulivyohitaji wewe.